Mpingo, Mchongaji na Mwenye Msitu

Fundi wa vinyago wa Kimakonde anapoletewa gogo la mpingo hakimbilii tezo. Hulitoa kivulini akaliweka penye mwanga, akalizungusha pande zote, akalipapasa kwa kiganja, akafuata kwa kidole kila ufa na kila nundu. Hutazama ncha zake mbili apate kujua kiini kinapita wapi na kimeoza kwa kiasi gani, maana mipingo mingi iliyokomaa ina uvungu ndani ambao haudhihiriki mpaka mti uangushwe. Chini ya ganda la kijivu hukuta tabaka jembamba la mti mweupe wenye rangi ya samli, na chini ya tabaka hilo ndipo kilipo kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali, kigumu hata makali ya chombo huisha upesi na fundi hulazimika kunoa kila mara. Ikiwa gogo limepinda, halinyooshi. Huupa upindo ule kazi, ukawa mgongo wa ajuza, au shingo ya shetani, au mkono wa mtoto uliomshika mamaye. Hata ule weupe wa nje haupotei bure, kwa kuwa mafundi wengi huuacha kwa makusudi mahali fulani uwe kilemba, au ukingo wa nguo, au mwanga unaouzunguka uso mweusi.

Kutazama huko ni nusu ya sanaa, na ni nusu ya elimu vilevile. Yako mambo matatu ambayo katika zama zetu hutajwa mbalimbali, kila moja likiwa na wenyewe: uchunguzi wa ikolojia, ambao huhesabiwa kuwa ni kazi ya watu wa vyuo, maisha ya kutumia bila ya kumaliza, ambayo yamekuwa wito wa mashirika na serikali, na sanaa itokanayo na maumbile, ambayo imeachiwa mafundi na wageni wanunuao kazi zao. Katika mpingo mambo haya hayatengani, na kila yalipotenganishwa mti umepungua. Dai langu katika makala haya ni kwamba mchongaji, mtafiti na mwanakijiji mwenye msitu ni washirika wa shauri moja hata kama hawajapata kuonana, na kwamba hasara ya mmoja wao haikawii kuwafikia wawili waliobaki.

Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, ni wa jamii ya kunde, na hauna kimo cha mvule wala umbo la mkangazi. Mtu asiyeujua akiuona porini wakati wa kiangazi, umepukutisha majani, una miba, na vigogo vyake vitatu au vinne vimesongamana katika shina moja, angeweza kuudhani kuwa ni kichaka cha kuni tu akapita zake. Aghalabu hauzidi mita 8 kwa urefu, ingawa mahali palipoupendeza hufika mita 15. Nchi zake ni nyingi, tangu Senegal hadi Eritrea na kuteremka hadi kaskazini ya Afrika Kusini, lakini mpingo uvunwao kwa biashara siku hizi hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Mizizi yake ina vifundo vinavyokaliwa na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hunufaisha ardhi inayousimamisha. Hutoa maua madogo meupe yenye harufu njema, kisha maganda bapa na mepesi yenye mbegu moja au mbili, ambayo upepo huyachukua yasianguke yote chini ya mama yao. Kiini chake ni kizito kuliko maji, na kipande chake kikitupwa kisimani huzama.

Lakini sifa ambayo ingestahili kukaririwa na kila anayekinunua kinyago ni umri. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na kanuni za Tanzania hukataza kuuangusha kabla kipenyo chake, kikipimwa penye kimo cha kifua cha mtu, hakijafika sentimita 24. Maana yake ni kwamba gogo linalochongwa leo huenda lilichipua wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, likavuka vita vya dunia na uhuru na njaa za miaka mingi, na mti utakaochipua mahali pake utavunwa na watu ambao wazazi wao hawajazaliwa. Sijui biashara nyingine ya mkono inayomtaka mtu awe mwaminifu kwa wajukuu wa jirani yake kwa kadiri hii.

Jambo lililowashughulisha sana watafiti ni uhusiano wa mpingo na moto, na hapa pana elimu ambayo akili ya haraka haiifikii. Mtu husema, moto ni adui wa msitu, basi upigwe marufuku. Kumbe mpingo ni mti upendao jua. Mche wake hauwezi kukua penye kivuli kizito, na mahali pake hasa ni misitu ya miombo na mapori yenye nafasi, ambayo nyasi zake huungua karibu kila mwaka. Mche mchanga huunguzwa hadi chini, lakini mizizi hubaki hai, ukachipua tena mvua zinyeshapo. Ukaungua tena, ukachipua tena, na huenda ukakaa miaka mingi hivyo, ukikusanya nguvu chini ya ardhi, mpaka utokee mwaka mmoja ambao ndimi za moto hazikukifikia kilele chake, na tangu hapo ukaokoka. Moto wa wastani, basi, huuondolea mpingo wapinzani wake. Moto wa mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa na upepo ni mkali, ni habari nyingine: huo huingia katika majeraha ya miti mikubwa, ukakila kiini kwa ndani, na mti ukasimama ukionekana mzima kumbe ni gamba. Hukumu iliyopatikana katika uchunguzi si kuukataza moto bali kuuchagulia wakati. Kuwasha mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, ili moto uende polepole na kwa vipande vipande, na ule mkali wa baadaye ukose cha kula. Shauri hili limetumika katika misitu ya vijiji wilayani Kilwa, katika mpango uliosaidiwa na Norwe, na wanaobeba mienge hiyo ya mapema ni wanakijiji wenyewe.

Tugeuke sasa tuutazame upande wa sanaa. Wamakonde, ambao asili ya wachongaji wao wengi mashuhuri ni nyanda za juu za Mueda ng'ambo ya Ruvuma, wana kisa cha kale kinachoeleza mwanzo wao: kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga umbo la mwanamke katika mti, akalisimamisha, na asubuhi akalikuta lina uhai, likawa mkewe, watoto wao wawili wa kwanza wakafa mabondeni, na wa tatu, aliyezaliwa juu katika nyanda, ndiye aliyeishi na kuwa mzazi wa kabila. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru nchi ya Wamakonde mwaka 1906, ni miongoni mwa waliokiandika. Katika kisa hiki uchongaji ndio chanzo chenyewe cha watu, na mti ndio bibi yao, na sijapata kusikia kabila jingine la pwani yetu lililoheshimu kazi ya tezo zaidi ya hivi.

Wengi hawajui, hata hivyo, kwamba mpingo haukuwa mti wa vinyago vya kale vya Kimakonde. Mapiko, yaani vile vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago, vilichongwa, na hata leo huchongwa, katika miti myepesi, maana mchezaji hawezi kuruka na mzigo wa mpingo kichwani. Mpingo ulishika nafasi yake katika karne iliyopita, wakati Wamakonde wengi wa Msumbiji walipovuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakakutana na wanunuzi wa Kizungu na wafanyabiashara wa Kihindi waliopenda weusi wake na ung'avu wake. Humo zikazuka namna mpya: namna ya shetani, anayehusishwa nayo Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, yenye viungo vilivyorefuka na macho mahali pasipo macho, namna ya dimoongo, iliyokuja kuitwa ujamaa, anayetajwa kuianzisha Roberto Yakobo Sangwani, ambamo watu wa vizazi vingi hupandana wakishikana katika gogo moja, na namna ya mawingu, ya Clements Ngala, ambamo umbo huyeyuka mpaka likabaki wazo. Mtu akisimama mbele ya gogo la ujamaa lililochongwa vema, na babu akiwa chini na wajukuu juu, huku mikono ya mmoja ikiwa ndiyo mabega ya mwingine, atakiri kwamba mafundi hawa hawakuhitaji kuombewa nafasi katika sanaa za ulimwengu.

Aidha, mti huuhuu una mpenzi mwingine ng'ambo ya bahari. Klarineti, obo na zumari za mifuko za Scotland hutengenezwa kwa mpingo, kwa kuwa hukerezwa vizuri na hauharibiki upesi kwa pumzi na unyevu wa mpigaji. Mtengeneza ala hutaka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala doa, na kwa tabia ya mti huu sehemu kubwa ya kila gogo hukataliwa kiwandani. Hapo ndipo ninapoiona hekima ya kuwakutanisha wateja hawa wawili, kwani mchongaji anaweza kutumia kile hasa anachokitupa mwenzake: kilichopinda, chenye nundu, kilichoungana na mzizi. Mti mmoja ungeweza kuwatosha wawili, ukapunguza idadi ya miti ya kuangushwa, laiti wangelinunua gogo moja badala ya kila mmoja kutafuta lake.

Miaka ya mwanzo ya karne hii iliwatia hofu wote. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mikoa ya kusini iliyokuwa ikikatika na Dar es Salaam wakati wa mvua ilipata njia, ikawa neema kwa wasafiri na wakulima. Lakini njia haichagui mpitaji, na magogo ya kila aina yakapita nayo. Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, katika ripoti yake ya mwaka 2007 lilieleza kwamba katika kipindi kimoja asilimia 96 ya magogo yaliyovunwa kusini yalikuwa nje ya sheria, na kwamba serikali na wilaya zilikuwa zikikosa mapato yanayokisiwa kufika dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka. Wanakijiji ambao msitu ulikuwa uani mwao walipata ujira mdogo wa kuonyesha njia na kubeba, na wakati mwingine hawakupata hata huo.

Kenya ilikwisha kuionja adha ya kupungukiwa mpingo kabla ya hapo. Wachongaji wa Kikamba, ambao biashara yao husimuliwa kuwa ilianza na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitumia mpingo hadi ukaadimika, wakahamia muhugu, ambao nao hukua polepole na ambao mapango yake katika msitu wa Arabuko-Sokoke ndiyo makao ya bundi mdogo adimu sana. Watafiti wa mimea waliokaa na mafundi hao waliwashauri mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, unaoota pwani nzima hata penye ua wa nyumba, na ambao hufaa kuchongwa katika miaka michache tu ukilinganishwa na mpingo. Na mafundi wa Mombasa na Malindi wakaupokea. Ni ushauri mwema, na uliokoa misitu. Lakini mwarobaini haufanani na mpingo, na Mmakonde hatauacha mpingo maadamu upo. Kwa hiyo kwa Tanzania suala lilibaki pale pale.

Majibu yalitafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kupanda, na haiwezi kutajwa bila ya marehemu Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro. Baba yake alikuwa mganga wa mitishamba, akamfundisha majina na kazi za mimea tangu utotoni. Kisha Chuwa akahifadhi wanyama na mimea Ngorongoro kwa miaka mingi, akaanzisha huko kikundi cha vijana ambacho ni miongoni mwa mizizi ya vilabu vya Malihai vilivyoenea katika shule za Tanzania. Mwaka 1996 aliungana na James Harris, fundi wa kukereza mapambo wa Texas aliyekuwa akiufanyia kazi mpingo bila ya kujua unakotoka, na ambaye alipoujua umaskini wa misitu aliona kwamba haki haimruhusu kuendelea kutumia bila ya kurudisha. Kwa ushirika wao, kwa jina la African Blackwood Conservation Project, vitalu vikaanzishwa, watoto wa shule na akina mama wa vikundi wakafundishwa kuotesha, na miche ya mpingo na ya miti mingine ikapandwa kwa mamia ya maelfu. Mtaalamu wa mimea na fundi wa mapambo, mmoja Moshi na mwingine Marekani, walilifanya jambo ambalo taasisi kubwa zimelifanya kwa kusitasita. Ningependa kila mchongaji kijana alijue jina la Chuwa kama alijuavyo la Likankoa.

Njia ya pili ndiyo niionayo kuwa na matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa inaanzia na mipingo iliyokwisha kusimama. Mwaka huohuo wa 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuja kusini mwa Tanzania kuuchunguza mpingo katika makao yake, kuhesabu, kupima, na kuandika unaota wapi na kwa wingi gani. Uchunguzi huo haukuishia katika kabati. Ulizaa shirika lenye makao Kilwa, liitwalo Mpingo Conservation and Development Initiative, ambalo lilitumia fursa iliyo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa sheria hiyo kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kikautungia sheria ndogo na mpango wa usimamizi, na mapato ya miti itakayovunwa humo yakawa ya kijiji.

Kazi yenyewe ni ya taratibu na inataka subira. Wanakamati wa maliasili wa kijiji huingia msituni na utepe wa kupimia, wakapima kila mpingo uliomo katika vipande vilivyochaguliwa, mmoja akipima, mwingine akiandika, wa tatu akitia alama ili mti usihesabiwe mara mbili. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kiwango cha miti inayoweza kuvunwa bila ya kuupunguza msitu, nacho ni kidogo kuliko tamaa ya mfanyabiashara. Mti ukikatwa kwa ruhusa, gogo na kisiki hupigwa nyundo yenye alama, na kila gogo huandikwa katika daftari, hata aliyeko mbali akiuliza mti huu ulisimama wapi, ajibiwe. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata hati ya FSC, hati inayothibitisha uvunaji mwema, na ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji kuipata. Fedha za magogo zilianza kujenga visima na majengo ya shule, na kijana aliyekuwa akiwaonyesha wezi njia kwa ujira mdogo akawa na sababu ya kuwazuia.

Baadhi ya watu husema hifadhi ya namna hii ni biashara iliyovikwa joho la ihsani. Sikubaliani nao. Mkulima wa Kilwa ana ardhi ya kutosha kufyeka shamba la ufuta, na msitu usiomletea kitu hauna wa kuutetea mbele ya njaa ya nyumba yake. Anapoona kwamba mpingo mmoja uliosimama una thamani kubwa kuliko ekari iliyochomwa, huutetea yeye mwenyewe, mchana na usiku, bila ya askari. Wala sidhani kwamba vizuizi vya kimataifa peke yake vingetosha. Mwaka 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia iliwekwa chini ya usimamizi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na miaka miwili baadaye ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa hati za usafirishaji za mkataba huo kwa sababu wapiga muziki walikuwa wakisumbuka mipakani. Ni hatua zenye manufaa, lakini hakuna karatasi ya mkataba inayoweza kulala msituni Kikole.

Upungufu uliobaki ni mmoja, nao unamhusu mchongaji. Magogo yenye hati kwa sehemu kubwa yametafutiwa soko la mbali, la watengeneza ala na mbao za nje, ilhali fundi aliyeketi chini ya kibanda Mwenge, jijini Dar es Salaam, hununua mpingo kwa mchuuzi wa kati na kwa nadra huambiwa ulikotoka. Si kosa lake. Hununua kidogo kidogo, kwa kadiri ya fedha alizopata kwa kinyago cha jana, na gogo la kijijini huuzwa kwa wingi na kwa malipo ya mkupuo. Lakini vyama vya ushirika vya wachongaji vipo, na jambo linalomshinda mtu mmoja haliwezi kuwashinda mafundi hamsini wakichanga. Wangeweza kuagiza kwa vijiji vya Kilwa vile vipande vilivyopinda na vyenye nundu, ambavyo kiwanda cha ala hakivitaki na ambavyo wakati mwingine hubaki vikioza porini, vikaletwa kwa lori moja pamoja na daftari lake.

Ipo pia kazi ndogo ambayo inaweza kuanza hata kabla ya hayo. Alama ya nyundo iliyopigwa penye ncha ya gogo huondoka na mapigo ya kwanza ya tezo, na tangu hapo kinyago hakina asili. Fundi aliyenunua gogo lenye alama na aichonge upya chini ya kitako cha kazi yake, jina la kijiji na mwaka wa kukatwa, kando ya jina lake mwenyewe; na mnunuzi, awe wa Dar es Salaam au wa Muscat au wa Berlin, akigeuze kinyago chini juu asome kabla hajalipa.